Vijiti vya Makokha

Watu wa ridge yetu, huu mgongo wa kilima tunaokaa, watakwambia mimi, Protus Oduori, ni mzee wa hasira. Sikatai. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, na ndugu yake aliwahi kupiga teke sufuria ya ugali ikiwa bado mekoni kwa sababu mkewe alichelewa kuitikia salamu. Lakini hasira huwaka ikazima. Kile nilichokuwa nacho kwa Makokha hakikuwa hasira. Kile nilikipanda, nikakipalilia, nikakingoja miaka mitatu, na sikumwambia mtu yeyote, hata padri.

Makokha ni jirani yangu. Kati ya shamba lake na langu kuna mstari wa mikonge na kinjia cha kwenda mtoni, basi. Tulibatizwa siku moja. Kwetu ni ndani, ukiacha barabara kubwa ya Busia kwenda Malaba unatembea kama nusu saa, na wakati ninaouzungumzia hapakuwa na gari wala pikipiki huku. Kulikuwa na baiskeli moja ya maana, na ilikuwa ya Makokha. Nyeusi, yenye keria pana ya chuma, na juu ya keria kiti cha sponji kilichoshonewa plastiki nyekundu ili abiria asiumie. Aliibebea watu kwenda mpakani, na pale watu walipokosekana aliibebea sukari ya magendo. Hilo la sukari kila mtu alilijua, na mimi sikuwa na neno nalo. Kila mtu huku amekula sukari ya Uganda.

Mwezi wa tano mwaka wa tisini na nne mke wangu Benedetta alishikwa na homa. Siku ya kwanza alilima. Ya pili alilala. Ya tatu, kulipopambazuka, alikuwa hanijui jina, ananiita kwa jina la kaka yake. Nikakimbia kwa Makokha bila viatu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukuta wa jikoni, nimeiona kwa macho yangu haya. Akatoka anafuta mdomo, nikamweleza, nikamwomba anibebee mke mpaka barabarani tupate gari la kwenda hospitali ya Nangina, kwa wamishonari.

Akaniambia, "Ina pancha, Baba Nerima."

Nikamwamini. Sikuinama kushika tairi. Nimejilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote maishani mwangu, kwamba nilikuwa hatua mbili kutoka kwa lile tairi na sikunyoosha mkono.

Tulimweka Benedetta kwenye wilbaro, mimi nasukuma, binti yetu Nerima anashika kichwa kisigonge chuma. Hatukufika barabarani. Alikata roho karibu na kinu cha kusaga unga, saa mbili hivi, watu wakiwa kwenye foleni na madebe yao. Nerima alivua leso yake akamfunika. Tukiwa tumeinama pale, nikasikia kengele ya baiskeli. Makokha huyo, magunia mawili kwenye keria, ameinamia usukani, anaelekea Burumba, kule mpakani. Alituona. Usiniambie hakutuona, macho yetu yalikutana. Hakushuka.

Kwenye matanga alileta sukari nusu gunia. Watu wakamsifu, wakasema huyo ndiye jirani. Nilikunywa chai yake. Nilikunywa vikombe viwili, nikamtazama, nikajiambia huyu mtu atakiona cha mtema kuni, na hatajua kimetoka wapi.

Nisimalize habari za mwaka ule bila kusema la Nerima, kwa sababu ndilo lililonirudia. Kaburi la mama yake halijaota nyasi, akatoroka na Oriokot, kijana wa Kiteso wa Amagoro anayepakia malori Malaba. Sikuwa na ubaya na Wateso, nimekunywa pombe nao kwa mrija kutoka chungu kimoja. Lakini nyumba ilikuwa na matanga, na yeye ndiye pekee niliyebaki naye. Alipokuja baada ya wiki tatu kuchukua nguo zake nilimsimamisha langoni mbele ya watu. Nikamwambia hatachukua kitu kwangu tena. Nikamwambia, hata kijiti cha muhogo hutakitoa kwenye udongo wangu.

Mgeni hataelewa uzito wa neno lile. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi, na hakuna anayenyimwa. Mtu akisimama langoni akasema naomba vijiti, awe ndugu, awe mtu mliyeshtakiana kwa chifu, unachukua panga unamkatia. Ukimnyima, wazee wanasema shamba lako litakauka lenyewe. Naye akipokea hasemi asante, kwa sababu asante inaua mbegu. Anabeba anaenda. Ndivyo muhogo ulivyofika kila boma la Busia, kwa mikono ya watu wasioshukuriana. Na mimi nikamnyima binti yangu mwenyewe, kwa sauti, watu wakisikia. Alifunga mzigo wake akaenda, hakugeuka.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika moja baada ya jingine. Kwanza ukaja ugonjwa wa muhogo. Ulitoka ng'ambo, Uganda, ukavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Majani yanapata madoa ya manjano, yanajikunja, mmea unadumaa, na ukichimba baada ya mwaka unapata mizizi ya ukubwa wa kidole. Watu walisema ni uchawi, wengine wakasema ni dawa imemwagwa na ndege. Bwana shamba alikuja kwenye baraza akatueleza kwamba ugonjwa unakaa ndani ya kijiti. Ukipanda kijiti cha mmea mgonjwa, alisema, umepanda ugonjwa. Ng'oa, choma. Wengi walimcheka, maana nani atang'oa chakula chake mwenyewe akichome moto?

Mimi sikucheka. Kila wiki nilipita mstari kwa mstari. Mmea uliojikunja niliutia alama ya panga chini kabisa, karibu na udongo, halafu siku nikipata nafasi nang'oa yote yenye alama. Nilibaki na shamba safi kuliko yote ya ridge hii. Isipokuwa mstari mmoja, ule wa kando ya kichuguu, mimea kama arubaini. Ule ulikuwa mgonjwa wote. Niliutia alama wote, na nilikuwa nimepanga kuung'oa.

Ndipo jua likatukamata. Vuli ya tisini na sita haikuja. Tukasema itakuja ya masika. Masika ya tisini na saba ikaja na manyunyu ya kudanganya, watu wakapanda mahindi, yakaota kiasi cha kidole gumba, yakafa yamesimama. Sijui kwa nini watu husema ukame unakuja. Hauji. Ni vitu vinavyoondoka. Maziwa yanaondoka kwanza, halafu mboga, halafu wageni, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kumtembelea mwenzake wakati wa chakula. Mwisho inaondoka salamu. Mnapita njiani kila mtu anaangalia chini. Mto wetu ulibaki vidimbwi, ng'ombe na watu mnasubiriana. Tuliletewa mahindi ya manjano ya msaada, yakaisha kabla ya kufika kwa wazee. Redio ilikuwa inasema habari za katiba na maandamano Nairobi na kura mwisho wa mwaka, na vijana wetu wote walikuwa mpakani wanabeba vitu vya watu kichwani. Nilikaa nje ya nyumba yangu nikawa nafikiri kwamba huu ndio wakati ambao Benedetta angejua la kufanya, angechemsha kitu, angecheka. Na kila nikifikiri hivyo nasikia kengele ya baiskeli ya Makokha inapita kwenye kinjia.

Jua lilikausha udongo ukawa haupigiki jembe, ndiyo maana ule mstari wa kichuguu sikuung'oa. Halafu majani yote yakapukutika, ya mimea mizima na ya migonjwa. Shamba zima likabaki fimbo tupu zimesimama. Mtu yeyote angepita asingeweza kujua upi mzima na upi mgonjwa. Ni mimi peke yangu nilijua, kwa zile alama chini.

Mwezi wa nane, mwisho mwisho, Makokha akasimama langoni kwangu. Kofia mkononi, baiskeli ubavuni. Miaka mitatu hakuwahi kuingia boma langu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Akaniamkia, nikaitikia. Akasema, "Baba Nerima, naomba vijiti."

Nitasema ukweli, kwa sababu uongo hauna faida tena. Nilifurahi. Nilisikia furaha imenijaa, nikajidai natafuta panga ili asinione uso. Nilijua watoto wake ni watano, na mdogo wao hata kukimbia hajui vizuri. Nilimwambia angoje hapo hapo. Nikaenda moja kwa moja kwenye kichuguu.

Nilikata mstari wote. Nilikata juu ya alama, ili alama ibaki kwenye kisiki changu na yeye apate kijiti laini kisicho na doa. Nikavipanga, nikavifunga kwa kamba za mgomba mafurushi matatu, nikamletea. Tena nilimfungia mwenyewe kwenye keria, juu ya kile kiti chekundu. Nikamwambia apande shamba lote, asiache hata pembe moja, mvua iko karibu. Akanitazama kama mtu mwenye jambo mdomoni. Hakusema asante, kama ilivyo desturi, akasukuma baiskeli akaenda. Nilidhani ni aibu iliyomziba.

Siku ile nilipika nikaimba. Ndiyo, niliimba, mzee mzima, jikoni peke yangu. Nilikuwa nimemkatia njaa ya mwaka mzima na yeye mwenyewe amekuja kuichukua kwa miguu yake. Angepalilia. Angelinda dhidi ya mbuzi. Angehesabu miezi. Na siku ya kuchimba angeinama avute, apate vidole. Sikutaka afe. Nilitaka ainame, avute, na aelewe jinsi mtu anavyosimama na kitu kisichofaa mikononi huku watu wake wanamtazama.

Mvua iliponyesha mwezi wa kumi ilinyesha ya kichaa. Redio ikaipa jina, El Nino, kana kwamba ukiipa jina itasikia. Vyoo vilitumbukia, daraja la mbao likaenda na maji, nyumba ya katekista ikaanguka ukuta mmoja. Mimi kila asubuhi nilijifunika nailoni nikaenda kwenye mikonge kuchungulia shamba la Makokha. Nangoja majani ya manjano. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili nikaona maharagwe. Ya tatu nikaona mtama. Nikazunguka upande wa mtoni, nikaangalia nyuma ya nyumba yake. Hapakuwa na muhogo hata mmoja.

Nilichemka. Nilijiambia amegundua, amevitupa, ananicheka na mkewe. Nikavuka mikonge mchana kweupe, nikamkuta chini ya upenu anapaka mnyororo mafuta. Nikamuuliza bila salamu vijiti vyangu amepanda wapi.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Havikuwa vyangu," akasema. "Vilikuwa vya Nerima."

Akanieleza. Alikutana naye Malaba mwezi wa nane, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, anaokota mahindi yaliyomwagika kwenye maegesho ya malori. Oriokot alikuwa ameenda na lori upande wa Tororo, hajarudi. Muhogo wao Amagoro ulikuwa umepatwa na ugonjwa, nusu umekufa na nusu unasuasua. Nerima alimwambia, "Shamba la baba yangu ni safi, najua, baba ni mtu wa kufuata kazi. Lakini baba aliapa." Akamwomba aende aombe kama vile anajiombea mwenyewe, na asitaje jina lake. Makokha akapakia vijiti vyangu siku ile ile, akavifikisha Amagoro kwa baiskeli, hakupunguza hata kimoja. Kwake mwenyewe akapanda maharagwe.

Alipomaliza alikuwa ananiangalia vizuri, kama mtu anayengoja asifiwe kidogo. Nilishika nguzo ya upenu.

"Nipeleke Amagoro," nikamwambia. "Sasa hivi."

Akatazama mbingu, akasema barabara ni tope tupu, kwa nini tusingoje kesho. Nikamwambia tena. Basi akatoa baiskeli, akakifuta kile kiti chekundu kwa kiwiko, nikapanda. Nilikaa mahali Benedetta alipopaswa kukaa, pua yangu kwenye mgongo wa mtu niliyemchukia kuliko wote duniani, mikono imeshika sponji. Kilikuwa kiti kizuri. Mgonjwa angekaa bila taabu.

Karibu na kinu cha unga tope lilizidi. Akashuka kusukuma, mimi nikashuka pia. Nilijua mahali tulipo, na nikaona na yeye anajua, kwa sababu alisimama. Hakunigeukia. Alisema akiangalia tairi la mbele.

"Siku ile haikuwa na pancha, Baba Nerima."

Halafu akasema mengine. Kwamba kulikuwa na boss wa sukari Burumba, alimwambia mzigo usipofika kabla ya saa nne asirudi tena kwake. Kwamba alidhani ni malaria kama ya kila mtu, itapita. Kwamba alipotuona pale alitaka kushuka, na miguu ikaendelea kukanyaga pedali. Kwamba hajawahi kulala usingizi wa kushiba tangu siku ile, na Nerima alipomwomba vijiti aliona kwamba Mungu amempa kitu cha kubeba.

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale miaka mitatu na nusu. Nilikuwa nimepanga nitakachomjibu, nilikuwa na maneno makali yamewekwa tayari. Sasa yamekuja, na mimi sina haki ya kuyatumia hata moja. Nilimwambia asukume, tunachelewa.

Nerima alituona tukiingia bomani kwake akaacha sufuria. Alikuja mbio kwenye mvua, akanipigia magoti kwenye tope, akanishika mikono yote miwili akiwa analia na kucheka. Alidhani nimejua vijiti vilienda wapi na nimekuja kwa sababu hasira imeisha. Aliwaita watoto wake, mmoja wa miaka miwili na mwingine bado wa kunyonya, akawaonyesha mimi. Akawaambia huyu ndiye babu aliyetupa muhogo. Makokha alisimama kando ameshika baiskeli, anatabasamu kidogo, uso umemlegea kama mtu aliyetua gunia.

Kisha akanivuta mkono kwenda kunionyesha shamba. Sikutaka kwenda na nilienda. Mistari ilikuwa imenyooka, nafasi sawa, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Na kila mmea, kuanzia mstari wa kwanza mpaka ule wa ukingoni, ulikuwa wa manjano umejikunja.

Akasema nadhani ni mvua, baba, maji yamezidi mizizi. Akasema itapata nafuu jua likitoka. Na akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba ile mimea yake ya zamani, hata ile iliyokuwa bado inatoa kidogo, aliing'oa yote ili kuvipa nafasi vijiti vya kwetu.

Pale ningeweza kunyamaza. Mjue hilo. Ningesema ndiyo, ni mvua, nikarudi nyumbani, na hakuna binadamu angejua. Bwana shamba wa Amagoro angesema ni ugonjwa wa kila mtu. Nilimtazama yule mtoto mgongoni kwa Nerima, ana paji la uso la Benedetta, pana vile vile. Nikaona kwamba nikinyamaza, atapalilia. Atangoja mwaka mzima mimea ambayo mimi najua haina kitu chini.

Nikasema, "Si mvua. Ni mimi."

Nilimweleza yote, mstari wa kichuguu, alama za panga, majani yaliyopukutika. Sikupunguza. Makokha alikuwa hatua tano nyuma yangu, anasikia kila neno.

Nilijiandaa kwa mayowe. Nerima hakupiga mayowe. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Ulivikata kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Ukidhani ni vya watoto wa Makokha."

Nerima akamshusha mtoto mgongoni, akamweka juu ya gunia chini ya mgomba, akamfunika. Akasema, bila kuniangalia, "Mdogo wao na huyu wangu mkubwa wana umri mmoja. Ulijua?" Nilijua. Akaingia mstari wa kwanza, akashika mmea chini, akang'oa.

Nikaingia mstari wa pili. Baada ya muda nikasikia baiskeli inalazwa kwenye nyasi, na Makokha akaingia wa tatu. Tuling'oa watatu tukiwa tumeinama, mvua inatupiga mgongoni. Udongo ulikuwa laini, mimea ilitoka kirahisi. Tukaibeba tukairundika chini ya upenu ikauke ichomwe. Tulipomaliza Nerima alimpa Makokha maji ya kunawa. Mimi nilinawa kwenye mtaro.

Hayo yalikuwa mwaka wa tisini na saba. Sasa ni tisini na tisa na ninaweza kusema yaliyobaki kwa ufupi. Nilikata vijiti vya mistari mizuri, mafurushi saba, Makokha akavibeba Amagoro. Mwaka wote wa kungoja, muhogo uliokuwa shambani kwangu niliukausha, nikautia gunia, na kila baada ya wiki mbili Makokha akaupeleka. Hakuwahi kukataa, hata siku moja hakusema ina pancha. Nerima alipokea, watoto wakala. Oriokot alirudi, shamba lao sasa ni zuri, nimeambiwa. Nimeambiwa, kwa sababu sijaalikwa kuliona. Nerima hanitumii salamu wala matusi. Nilimwambia hatachukua kijiti kwangu, na tangu mafurushi yale saba hajachukua kingine.

Na Makokha? Hajamwambia mtu. Hajamwambia mkewe, ningejua, yule mama hana siri. Hajaenda kwa chifu, hajaenda kwa padri, kilabuni akilewa anazungumza habari za mpira. Jumapili tunakaa benchi moja, ananipa mkono wa amani, kiganja kikavu na cha moto, ananitazama usoni. Angenitangaza ningepumua. Ningesimama nami nimtangaze ya baiskeli, tungetukanana mbele ya watu wote tukamaliza. Lakini siri hiyo ameifungia.

Juzi mvua imeanza, watu wanapanda. Shamba langu bado ndilo safi kuliko yote, wanakuja kutoka mbali, nawakatia. Asubuhi nilikuwa langoni na panga mkononi nikasikia ile kengele. Makokha alikuwa anatoka Marachi, kilomita sijui ngapi, mafurushi manne ya vijiti yamefungwa kwenye kiti chekundu, jasho linamtiririka. Mama mmoja niliyekuwa namkatia akamcheka, akamuuliza kwa nini anajisumbua kwenda huko kote na jirani yake ana vijiti bora.

Makokha akashusha mguu mmoja chini. Akaniamkia kwa heshima, "Habari ya asubuhi, Baba Nerima." Akamjibu yule mama kwamba alikuwa na shughuli huko, akaona apitie.

Kisha akangoja kidogo, macho kwangu, aone kama nitasema kitu. Nikainama nikaendelea kukata. Akapanda baiskeli yake akaenda kupanda.